Kurasa za Kufungia Tempe

Nyumbani kwa Ratmi, kazi ya tempe haikuwa na likizo. Leo soya inachemshwa. Kesho inakanyagwa kwa miguu mpaka iache maganda. Kesho kutwa inatiwa chachu na kufungwa. Kisha inalazwa juu ya chanja mpaka ukungu mweupe uzishike punje pamoja, na kipande kikatike vizuri kwa kisu. Wateja wa sokoni walisema hakuna tempe kama ya Ratmi. Mama mkwe wake, Bibi Kasinem, ambaye ndiye aliyemfundisha, alisema ni ya wastani. Lakini sahani ya Bibi Kasinem haikurudi jikoni na kitu.

Ratmi alifunga tempe kwa jani la mgomba ndani na karatasi kuukuu nje. Mumewe, Giyono, alizinunua karatasi hizo kwa mzani kutoka kwa mwenye vyuma chakavu. Zilikuwa mitihani ya zamani, barua za ofisini, na vitabu vilivyong'oka majalada. Ratmi alichana ukurasa, akafunga, akakaza kwa kamba ya mwanzi, akachukua mwingine. Hakusoma kilichoandikwa. Kwanza hakuwa na nafasi. Pili, na hili hakulisema mbele ya watu, kusoma kwake kulikuwa kwa kudonoa. Aliacha shule darasa la nne, mama yake alipougua. Barua ikija kutoka shuleni, aliiweka juu ya mtungi wa maji mpaka Giyono arudi aisome.

Ndiyo maana alitaka sana mwanawe Seno awe msomaji. Alilitaka jambo hilo kuliko paa jipya, na paa lao lilikuwa linavuja.

Seno alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa mbio. Ukimtuma chumvi, atarudi na chumvi pamoja na habari za kijiji kizima. Alijua njiwa wa nani amepotea na mbuzi wa nani amezaa. Lakini ikifika magharibi, Seno alikuwa haonekani. Atatafutwa bandani, atatafutwa kisimani. Mara nyingi alipatikana juu ya mpera wa jirani, kimya kama nguo iliyoanikwa.

Magharibi ilikuwa saa ya kitabu. Bibi Kasinem alipomaliza sala, alifungua kabati la vioo lenye vikombe vya harusi. Ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Chini ya vikombe palikuwa na vitabu vinene vya maisha ya mashujaa na mambo ya sayansi. Alivinunua mwenyewe kwa mchuuzi aliyepita na pikipiki, akavivika plastiki. Seno alinawa mikono, akakaa kitini, akanyoosha mgongo. Kusoma umelala ni mwiko. Kitabu kugusa sakafu ni mwiko. Kucheka ukisoma ni utovu wa adabu. Akikosea neno, alirudi mwanzo wa ukurasa.

Seno alikosea neno. Alirudi mwanzo. Akakosea lingine. Machozi yalidondoka kwenye plastiki, na Bibi akayafuta haraka yasiharibu kitabu.

Si kwamba bibi huyu alikuwa mkali wa roho. Alimpenda mjukuu wake kupita kiasi, na mapenzi yake yalikuwa na historia. Seno alipokuwa mtoto wa kutambaa, walimfanyia sherehe ya kukanyaga ardhi, kama wafanyiwavyo watoto wote wa kijiji. Walimwingiza ndani ya tundu la kuku la mianzi lililopambwa kwa karatasi za rangi. Ndani waliweka kitana, kioo, noti, mchele na kitabu. Anachokishika mtoto ndicho atakachokuwa. Mtoto wa jirani alishika kitana, na leo wanasubiri awe msusi. Seno alishika kitabu kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni, akagoma kukiachia. Bibi Kasinem alilia kwa furaha. Tangu siku hiyo aliwaambia watu sokoni kwamba kwake kuna msomi.

Sasa msomi huyo alikuwa darasa la tatu, na mwalimu alikuwa ameita wazazi. Seno alisoma herufi moja moja kama mtu anayehesabu mawe mtoni. Asipobadilika kabla ya mwaka kwisha, mwalimu alisema, atarudia darasa.

Jioni hiyo Ratmi alimfuata mwanawe chini ya mpera.

"Seno, shuka."

"Bibi ameshafungua kabati?"

"Ameshafungua."

Kisha sauti ikatoka kwenye majani. "Mama, mimi nitatengeneza tempe. Tempe haihitaji kusoma. Wewe mbona husomi?"

Maneno yale yalimchoma Ratmi. Aliona mbele yake mtoto mkubwa anayeweka barua juu ya mtungi wa maji, akisubiri mtu mwingine amsomee. Aliogopa. Usiku alimwambia Giyono kwamba mtoto anaanza kuvichukia vitabu na wao pamoja navyo. Giyono alisema mtoto ni mtoto, ataacha. Bibi Kasinem, aliyesikia kupitia ukuta wa mianzi, alijibu kutoka chumbani kwake kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kuanzia kesho, alisema, kurasa zitaongezwa.

Basi kurasa zikaongezwa, na Seno akapanda mti mrefu zaidi.

Ndipo karatasi za kufungia zilipoanza kupungua. Ratmi aliacha rundo kubwa kwenye kona ya banda, akarudi akakuta limechimbwa katikati. Alisema ni panya. Giyono alisema panya gani anayechagua karatasi na kuacha soya. Ratmi hakutaka ubishi. Alasiri moja, aliposikia mchakacho nyuma ya magunia, alichukua ufagio, akaenda kwa ncha za vidole.

Panya alikuwa na miguu miwili. Seno alilala kifudifudi sakafuni, visigino juu, kurasa kuukuu zimetandazwa mbele yake. Kidole kilitembea chini ya maneno polepole. Midomo yake ilitembea pamoja nacho. Kidole kilisimama, kikarudi nyuma, kikaenda tena. Halafu Seno akacheka, kicheko cha tumboni, peke yake, nyuma ya magunia.

Ratmi aliuteremsha ufagio. Alisimama pale muda mrefu kuliko kazi ilivyomruhusu.

"Unafanya nini?" aliuliza mwishowe.

Seno alisukuma kurasa chini ya shati. "Hakuna kitu."

"Hakuna kitu ndiyo inayochekesha hivyo?"

Mtoto aliangalia ufagio, akamwangalia mama yake, akaona uso hauna hasira. "Ni bata," alisema. "Mchungaji wake alisinzia. Bata wenzake wakarudi nyumbani, yeye akabaki. Akapanda treni ya miwa. Akala miwa njia nzima, akaharisha juu ya kofia ya dereva."

"Eh. Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa, Mama. Na picha ipo. Halafu akaingia kiwandani, mlinzi akafunga geti. Mchungaji amemfuata, yuko nje, bata yuko ndani. Halafu basi."

"Basi nini?"

"Ukurasa haupo." Seno aliinamisha kichwa. "Umeuuza."

Ratmi aliangalia mikono yake. Ilikuwa kweli. Mikono ile ndiyo iliyochana kitabu cha bata na kukipeleka sokoni kipande kwa kipande. Aliketi kwenye gunia. "Mbona kwa Bibi husomi kitabu namna hii?"

Seno alishangaa swali lenyewe. "Hiki si kitabu," alisema. "Hii ni karatasi ya tempe."

Hodi ilipigwa mlangoni. Alikuwa Bi Winarsih, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Mama huyu alifundisha darasa la kwanza miaka mingi, akastaafu. Sasa barazani kwake kulikuwa na rafu za masanduku ya machungwa zilizojaa vitabu vya watoto, na mtoto yeyote aliruhusiwa kuja kusoma au kuazima bila malipo. Seno hakuwahi kuzigusa rafu hizo. Bibi Kasinem alikataza. Alisema pale kuna picha za tumbili waliovaa suruali, na msomi hasomi tumbili.

Bi Winarsih alishika karatasi moja yenye mafuta, kwa vidole viwili.

"Mama Seno, nimekuja kumletea mwanao mali yake. Juzi alikuja kwangu akaniomba karatasi ya tempe. Tempe yenyewe nilikuwa nimeshaikaanga. Akaichimba karatasi kwenye takataka, akaipangusa kwa shati, akaisoma palepale ngazini. Leo nimeona nyingine ya bata huyohuyo, nikasema nisiitupe."

Seno alitoka nyuma ya magunia mbio. Alichukua ukurasa, akausoma amesimama. "Huu ni wa mwanzo," alisema kwa huzuni. "Hapa bado anasinzia." Hata hivyo aliondoka nao.

Ratmi alitazama mlango alikopitia. Kisha akamweleza Bi Winarsih yote: kabati, plastiki, machozi, mwalimu, mpera. Alieleza haraka, kwa sauti ya chini, maana Bibi Kasinem alikuwa uani akichambua mchele. Bi Winarsih hakucheka wala hakulaumu. Aliuliza jambo moja tu: je, vile vitabu vya kabatini, kuna mtu mzima yeyote nyumbani aliyewahi kuvisoma kwa raha yake?

Ratmi alifikiri. Hakuna.

"Basi mtoto anaona," alisema Bi Winarsih. "Anaona kitabu ni kitu cha kufungiwa, cha kuogopwa, na cha watoto kuteswa nacho wakati wakubwa wanakunywa chai. Mwanao si mvivu, Mama Seno. Mtoto anayechimba takataka ili ajue bata amefika wapi, huyo ni msomaji. Amekosa kitabu chake tu."

"Kuna mtu kasema takataka?" Bibi Kasinem alikuwa ameshafika, ungo mkononi. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko meno yake. "Winarsih, mjukuu wangu hakuzaliwa kusoma bata. Alichagua kitabu kwenye tundu, kijiji kizima kiliona. Kitabu cha heshima, si cha bata."

Bi Winarsih alimwamkia kwa adabu zote. Kisha akamwambia kwamba mtoto anayejifunza kutembea hapelekwi kupanda mlima. Hupelekwa uani, huachwa aanguke kidogo, hupigiwa makofi. Bata ndiyo uani. Mlima utakuja wenyewe.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Bibi alijibu. "Nikimlea na bata atakua bata."

Giyono, aliyekuwa akifunga pikipiki yake mlangoni, aliangua kicheko. "Mama, hebu tuseme ukweli. Kile kitabu cha tunduni, si ulikipaka sukari ya mnazi?"

Ungo ulitulia. Ratmi alimgeukia mama mkwe wake. Bi Winarsih alitazama dari kwa heshima.

"Kidogo tu," alisema Bibi Kasinem. "Pembeni."

"Pembeni kote," alisema Giyono. "Mpaka sisimizi wakaja."

Ratmi alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mlango. Na Bi Winarsih, ambaye hakuwa mtu wa kumwaibisha mzee, alimshika Bibi mkono.

"Bibi, mbona hukukosea. Ulijua tangu siku ile kwamba mtoto hukifuata kitabu chenye utamu. Ulianza vizuri. Sasa sukari imeisha na umebaki na mwiko peke yake."

Bibi Kasinem alinung'unika kwamba mchele una mawe, akarudi uani. Lakini hakusema hapana, na watu wa nyumba ile walijua maana yake.

Kabla ya kuondoka, Bi Winarsih alimweleza Ratmi la kufanya. Alieleza wakiwa wanafunga tempe pamoja, na hakuwa mjuzi wa kufunga. Mtoto achague mwenyewe, alisema, hata akichagua katuni, hata akichagua kitabu cha njiwa mara kumi. Kitabu kisipompendeza akiache. Mkubwa naye huacha chakula asichokipenda. Akikwama neno, mwambieni aendelee, msimrudishe mwanzo. Kaeni ubavuni mwake, si mbele yake kama askari. Msimpe mtihani mwishoni. Mwulizeni kama mnavyoulizana habari za mtaani. Na iwe kidogo kila siku, wakati hajachoka wala hana njaa, na mwisho aache bado anataka.

"Na nani atasoma naye?" Ratmi aliuliza. Alikaza kamba ambayo ilishakazwa. "Giyono hurudi amechoka. Mimi… Bi Winarsih, mimi mwenyewe nasoma kwa kudonoa."

"Basi mtadonoa pamoja. Kuku hudonoa na hushiba."

"Ataniona sijui."

"Atakuona unajaribu. Mtoto haoni hilo kila siku kwa mtu mzima."

Siku ya kwanza barazani kwa Bi Winarsih, Seno alisimama mbele ya rafu, mikono nyuma, akisubiri kuambiwa anawe. Hakuna aliyemwambia. Bi Winarsih alikuwa anachambua pilipili. Watoto wawili walilala mkekani, miguu ukutani, wakisoma na kutafuna muhogo wa kukaanga. Seno alimtazama mama yake. Ratmi alijifanya anaangalia maua. Mtoto alivuta kitabu, akakirudisha. Akavuta kingine. Akatoka na kitabu chembamba cha njiwa wa mashindano, chenye picha nyingi na maneno machache, akakishika njia nzima kama aliyepewa yai.

Nyumbani Bibi alikuwa akingoja mlangoni. "Haya, umejifunza nini? Nisomee ukurasa wa kwanza. Simama wima."

Uso wa Seno ulifungika. Alisoma maneno mawili, akakwama. Kitabu kikaenda juu ya kabati, na siku kadhaa hakukigusa. Jioni iliyofuata alionekana tena juu ya mpera.

Ratmi alikuwa hajawahi kumjibu mama mkwe wake tangu alipoolewa. Siku hiyo walikuwa bandani, wakipanga tempe mbichi juu ya chanja. Bibi Kasinem alinyoosha mkono kumzuia asifunue kifurushi kimoja, akamkumbusha kwamba bado.

"Mama," Ratmi alisema taratibu, "ni wewe uliyenifundisha. Nilipokuja hapa nilikuwa nafungua tempe kila saa kuangalia kama imeiva. Ulinipiga kofi la mkono. Ulisema ukiifunua kila mara inapoa, haiivi kamwe. Ifunike vizuri, iache, ina kazi yake humo ndani."

"Nilisema. Na ni kweli."

"Sasa Seno tunamfunua kila jioni."

Bibi Kasinem aliendelea kupanga vifurushi. Alivipanga mpaka mwisho wa chanja. Alivifunika kwa gunia safi, akalainisha pembe. Kisha akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akaweka ufunguo wa kabati mkononi mwa Ratmi. "Vikombe usiguse," alisema, akatoka.

Jioni hiyo hapakuwa na kiti. Ratmi alitandika mkeka, akalala kifudifudi kando ya mwanawe, jambo ambalo lilimfanya Giyono aulize kama anaumwa. Alifungua kitabu cha njiwa, akaanza. Moyo ulimwenda mbio kuliko siku ya harusi. Alikwama neno la tatu. Akadonoa herufi, akashindwa.

"Manyoya," alisema Seno.

"Manyoya," alisema Ratmi, akaendelea.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Seno kujua neno ambalo mtu mzima halijui. Alimsogelea mama yake. Mstari uliofuata aliusoma yeye, na alipokwama Ratmi alimwambia neno, akapita. Hivyo walikwenda, mmoja akimvuta mwenzake, mpaka kurasa chache zikaisha. Ratmi alifunga kitabu. Seno alisema bado. Ratmi alisema kesho. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kusema bado.

Haba na haba ikawa desturi. Jioni nyingine walisoma, jioni nyingine walitazama picha na kubishana. Seno aliazima vitabu, akavirudisha, vingine hajafika katikati, na Bi Winarsih hakuuliza. Ratmi alianza kusoma maandishi ya mifuko ya mbolea na matangazo ya mlangoni kwa mwenyekiti. Giyono alijikuta anasoma gazeti kwa sauti, kurasa za mpira tu, lakini alisoma. Bibi Kasinem aliketi mbali kidogo na ungo wake, akachambua mchele ambao ulishachambuliwa asubuhi. Siku moja, walipoishia mahali pabaya, sauti ilitoka kwenye ungo. "Halafu?" Hakuna aliyemtazama. Seno akasoma ukurasa mwingine kwa ajili yake.

Karatasi za kufungia nazo zilipata utaratibu mpya. Zikifika, Seno huzichambua kwanza. Mitihani na barua ziende kwa tempe, hadithi zibaki. Kwa njia hiyo, na kwa kuzunguka majirani, alizipata karibu kurasa zote za bata. Ratmi alizishona kwa sindano ya magunia na uzi mweupe, akaweka jalada la boksi.

Lakini mwisho haukupatikana. Bi Winarsih aliuliza kwa walimu wenzake. Giyono aliuliza kwa mwenye vyuma chakavu. Hakuna aliyekijua kitabu kile. Ukurasa wa mwisho ulikwisha fungia tempe ya mtu, ukatupwa. Bata alibaki ndani ya kiwanda, mchungaji nje ya geti.

Seno alilichukua kwa uchungu. Jioni moja alifunga kitabu na kusema hataki tena hadithi zisizo na mwisho. Ratmi alimwona anavyogeukia ukutani. Aliona lile wazo la mpera linarudi, akaona kila walichokijenga kinaweza kumwagika kwa sababu ya ukurasa mmoja alioufungia tempe yeye mwenyewe. Hakuwa na kitabu cha kumpa. Alikuwa na mdomo tu.

"Mchungaji hakupiga kelele," alisema.

Seno hakugeuka. "Umejuaje?"

"Alipiga kelele mchana kutwa, mlinzi akamfukuza. Basi akaona njaa. Akaketi nje ya geti, akafungua bati lake la wali." Ratmi hakujua sentensi inayofuata. Ilikuja yenyewe. "Huyu mchungaji, kila jioni akila, alikuwa akigonga bati kwa kijiko, na bata wake wakija kula makombo. Akasahau bata amepotea. Akagonga. Ta, ta, ta."

Seno aligeuka.

"Bata ndani akasikia. Alikuwa amejificha chini ya kiti cha mlinzi. Mlinzi amevua ndala, anakoroma. Bata akapita chini ya geti."

"Geti limefika chini, Mama. Kwenye picha limefika chini."

"Mlinzi alilizuia kwa ndala yake, upepo uingie. Bata akaivuta ile ndala, akapita, geti likajifunga nyuma yake, pa. Akamfikia mchungaji na ndala ya mlinzi mdomoni."

Bibi Kasinem alicheka mpaka mchele ukamwagika. Seno alikaa kitako. Alitaka kujua kama mlinzi aliamka. Ratmi alisema aliamka, akawafukuza kwa mguu mmoja. Seno alitafuta kalamu. Ratmi alisema, yeye akaandika, akifuta na kuandika, ulimi nje. Walipomaliza walishona ukurasa ule nyuma ya zingine. Seno alichora geti na ndala. Bata wake alifanana na birika, lakini aliandikwa jina.

Mwaka wa shule uliisha. Mwalimu aliwaambia wazazi kwamba Seno bado anasoma polepole, lakini sasa anaelewa anachosoma, na asipoelewa anauliza. Alimpandisha darasa la nne. Barua ya shule iliyofuata haikuwekwa juu ya mtungi. Ratmi aliisoma amesimama mlangoni, mara mbili, kisha akaenda kumwaga maji ya soya.

Bi Winarsih aliomba kitabu cha bata kikae barazani kwake, watoto wengine wakisome. Seno alikataa. Akafikiri siku nzima, akakipeleka mwenyewe, akaeleza jinsi ya kukishika ili uzi usikatike.

Asubuhi moja ya soko, Ratmi alikuwa akimfungia mteja tempe. Karibu na meza yake msichana mmoja aliketi juu ya kikapu, akimsimulia mdogo wake wakati mama yao akichagua vitunguu. Ratmi hakuwajua watoto wale. Walionekana wa kijiji cha pili. Alisikia neno treni. Alisikia neno bata. Mikono yake ikasimama.

"Mama Seno, tempe yangu," mteja alikumbusha.

"Subiri kidogo, dada," alisema Ratmi. "Hapa ndipo anapotoka."

Msichana aligonga kikapu kwa kidole, ta, ta, ta. Akaeleza kijiko, akaeleza geti, akaeleza mlinzi anavyokoroma. Alipofika kwenye ndala, mdogo wake alisema huo ni uongo, bata hawezi kubeba ndala.

"Si uongo," alisema msichana. "Imeandikwa kitabuni. Nimesoma mwenyewe."

Ratmi alifunga ile tempe, akakaza kamba. Akaongeza kifurushi kingine juu yake, akampa mteja vyote viwili, na mteja alipouliza cha pili ni cha nini, Ratmi alikuwa anacheka tu.